Dalili za mtindio wa ubongo kwa mtoto mchanga: maswali ambayo kina mama wa Mwanza huniuliza

Mwanangu wa pili ana mtindio wa ubongo. Akiwa na miezi 4 nilikuwa nimeshaona kwamba mwili wake haufanani na wa dada yake alipokuwa umri huo, lakini alifika mikononi mwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo akiwa na mwaka mmoja na nusu. Katikati hapo nilikwenda kituo kimoja cha afya mara nyingi, na kila mara niliambiwa, "Mama, acha wasiwasi, atachangamka tu." Tangu siku hizo nimekaa na kina mama wengi kwenye mabenchi ya kliniki, wa Igoma, wa Buswelu, wa Misungwi, na wale wanaovuka maji kutoka Ukerewe, na maswali yao ni yaleyale niliyokuwa nayo mimi. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu niliyofundishwa na wanaomhudumia mwanangu. Hayachukui nafasi ya daktari kumshika mtoto wako na kumpima.

Mtindio wa ubongo ni kitu gani hasa?

Ni tatizo la mwendo na mkao wa mwili, linalotokana na ubongo kuumia ukiwa bado unakua. Unaweza kuumia mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya mwanzo. Misuli yenyewe haina ugonjwa. Kilichoharibika ni amri inayotoka kichwani. Ndiyo maana mtoto mmoja hukakamaa, mwingine hulegea, na mwingine viungo vyake hucheza bila yeye kutaka. Wanaokakamaa ndio wengi, takriban 8 katika kila 10. Jeraha la ubongo haliongezeki, ila misuli isipotunzwa hujikunja na viungo huharibika kadiri mtoto anavyokua.

Unaambukiza? Umetokana na chanjo?

Hauambukizi, na haukutokana na chanjo. Mpeleke mtoto chanjo zake zote.

Mbona sijawahi kuona mtoto wa hivyo mtaani kwetu?

Kwa sababu wengi wako ndani. Duniani hutajwa watoto 2 hadi 3 katika kila 1,000. Ng'ambo ya ziwa letu, katika wilaya za Iganga na Mayuge nchini Uganda, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakakuta karibu watoto 3 katika kila 1,000. Takriban robo ya watoto hao ubongo wao uliumia baada ya kupita umri wa uchanga, na chanzo kilichoongoza kwa kundi hilo ni malaria iliyopanda kichwani. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaishi na mbu walewale, kwa hiyo chandarua nacho ni kinga ya ubongo wa mtoto.

Mimi si daktari. Nitaonaje?

Utaona kabla ya daktari, kwa sababu wewe ndiye unayemwogesha. Yeye humshika mtoto kwa dakika chache. Wewe unaye kutwa kucha.

Anza na kiganja. Mtoto mchanga hukunja ngumi, hilo ni la kawaida. Kufikia miezi 3 vidole huanza kufunguka vyenyewe. Ikiwa miezi 4 imepita na bado unalazimika kuvibandua kimoja kimoja ili utoe uchafu wa maziwa, na kidole gumba kimejificha ndani, hiyo ni dalili. Ukimbadilisha nepi, angalia mapaja. Yanafunguka kwa wepesi, au unayatenganisha kwa nguvu kama mkasi ulioshika kutu? Mnyanyue kwa kumshika kwapani: mtoto wa kawaida hurusharusha miguu na kuikunja, lakini anayekakamaa huinyoosha, ikapishana, na vidole vikatazama chini.

Halafu mbeleko. Hapa ndipo mimi nilipogundua, na sijasoma popote, nimeona tu kwa mwanangu na kwa wenzangu wengi. Mtoto ukimweka mgongoni hujitandaza kama chura na mapaja yake yakakukumbatia. Wangu alijinyoosha kama ubao, akarusha kichwa nyuma, kitenge kikateleza. Wiki nzima nilidhani nimesahau kufunga mbeleko, mimi niliyembeba dada yake tangu Magu mpaka mjini.

Wapo wa upande wa pili, walegevu. Ukimshika anakuteleza mikononi, kichwa kinaanguka huku na huku, mikono inaning'inia. Hawa husifiwa kuwa "mtoto mpole, hasumbui," na hivyo huchelewa kugunduliwa. Ulegevu wa miezi ya kwanza huweza pia kugeuka ukakamavu baadaye, kwa hiyo usishangae dalili zikibadilika.

Kunyonya nako kunasema mengi. Mtoto anayechoka baada ya kuvuta kidogo, maziwa yakimtoka puani, akikohoa na kupaliwa karibu kila anaponyonya, apimwe. Vivyo hivyo anayelia kwa sauti kali isiyobembelezeka huku akijipinda mgongo kama upinde, na ambaye miezi 3 imefika hajakutazama usoni wala kutabasamu unapozungumza naye.

Wasiwasi uanze mwezi wa ngapi?

Kichwa kinapaswa kutulia kufikia miezi 4. Kukaa bila kushikiliwa, watoto wengi huanza kwenye miezi 6. Shirika la Afya Duniani lilipofuatilia watoto wenye afya njema katika nchi kadhaa, Ghana ikiwemo, karibu wote walikuwa wanakaa wenyewe walipofika miezi 9 na siku chache, na karibu wote walitembea kabla ya miezi 18. Kutambaa usikutumie kama kipimo pekee, kwani wapo watoto wazima kabisa wasiotambaa, wanaokaa kisha wakasimama moja kwa moja.

Ila usihesabu miezi tu. Angalia namna anavyofanya. Mtoto wa miezi 2 anayegeuka ghafla, mwili mzima kwa mara moja kama gogo, watu humsifu kuwa ana nguvu, na huenda ni ukakamavu ndio unaomgeuza. Anayetambaa kwa kuburuta upande mmoja, au anayesimama kwa ncha za vidole kila unapomsimamisha, naye apelekwe.

Dalili moja inatosha kumpeleka apimwe. Haitoshi kumpa mtoto jina la ugonjwa. Na mtoto aliyekuwa anafanya jambo, tuseme alikuwa anakaa au kuita "mama," kisha akaliacha, huyo asisubiri hata wiki: huenda ana ugonjwa mwingine unaohitaji tiba ya haraka. Mkono au mguu uliolegea ghafla kwa mtoto aliyekuwa mzima nao ni wa kukimbiza hospitali siku hiyohiyo.

Alizaliwa njiti. Nihesabu umri gani?

Toa wiki alizowahi. Aliyezaliwa miezi 2 kabla ya wakati na leo ana miezi 6, mpime kwa vipimo vya mtoto wa miezi 4. Lakini njiti wako kwenye hatari zaidi, hasa waliozaliwa kabla ya wiki 32, kwa hiyo hesabu hiyo isigeuke sababu ya kuacha kumfuatilia.

Bibi yake ni mshoto. Mtoto ana miezi 7 na anatumia mkono wa kushoto tu. Si kurithi?

Hapana. Mtoto chini ya mwaka mmoja bado hana mkono anaoupenda zaidi. Hutumia yote miwili. Akiuchagua mmoja mapema hivyo, mara nyingi ni kwa sababu ule mwingine haumtii. Mjaribu hivi: mkalishe mapajani, mpe kijiko katikati, kisha upande wa kulia, kisha ushikilie taratibu ule mkono anaoutumia. Akiutupa mkono mmoja kila mara, au ukabaki umekunjwa ngumi kifuani, nenda. Dalili hii husahaulika kuliko zote, kwa sababu mtoto wa namna hii hucheka, hukaa, na mara nyingi hutembea.

Mama mkwe anasema kila mtoto ana wakati wake, hata baba yake alichelewa.

Amesema kweli, na usimvunjie heshima. Watoto hawafanani. Wapo wanaochelewa kwa sababu ya utapiamlo, kwa kulazwa muda mrefu, au hivyo tu, kisha wakawafikia wenzao. Shida ni kwamba kwa macho tu si rahisi kumtofautisha huyo na mwenye ubongo ulioumia. Anayechelewa tu huwa mwili wake ni laini na pande zote mbili zinafanana. Anachelewa, lakini anafuata njia ileile ya wenzake. Mwenye mtindio hufanya tofauti: anakakamaa, anapinda, upande mmoja unabaki nyuma.

Zamani wengi walisubiri mpaka mtoto awe na mwaka mmoja au miwili ndipo waseme. Mwaka 2017 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa mwongozo kwamba mtoto aliye kwenye hatari anaweza kutambuliwa hata kabla ya miezi 5. Hawakuharakisha bila sababu. Miaka 2 ya kwanza ndiyo ubongo unajifunza kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, na sehemu iliyo nzima inaweza kufundishwa kazi. Mwezi mmoja wa "tumpe muda" kwa mtoto wa miezi 5 ni mwezi mkubwa sana. Hilo ndilo linaloniuma kwa wangu.

Mwambie mama mkwe hivi: "Mama, nimekusikia. Naomba twende wote akapimwe. Kama ni wakati wake tu, tutarudi na amani." Mama mkwe wangu alipokwenda nasi, ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wa mazoezi nyumbani.

Na kama anayekuambia usubiri ni mhudumu wa afya? Mwombe kwa upole aandike kwenye kadi ya kliniki ulichomweleza, alichokiona, na tarehe ya kurudi. Maneno yakishaandikwa, anayempokea mtoto siku nyingine ana mahali pa kuanzia. Mimi sikujua kuomba hilo.

Alizaliwa amechoka, hakulia. Ndiyo atapata?

Si lazima. Watoto wengi wanaosaidiwa kupumua hukua salama. Ila usikae nyumbani ukaomba tu: fuatilia. Tafuta karatasi uliyopewa ulipotoka wodini, utaona alama za Apgar, yaani alama za hali ya mtoto mara anapozaliwa: namba mbili, kila moja kati ya 0 na 10, ya dakika ya 1 na ya dakika ya 5. Ile ya dakika ya 5 ikiwa ndogo sana, au mtoto alipata degedege katika siku zake za kwanza, au alishindwa kunyonya akalishwa kwa mpira, huyo apelekwe kuchunguzwa akiwa na miezi 3 hata kama humwoni na tatizo. Na kumbuka kwamba wapo wengi wenye mtindio ambao uzazi wao ulikuwa salama kabisa, walilia vizuri, na chanzo kilikuwa tumboni.

Manjano yanahusikaje?

Manjano ya siku chache huwapata watoto wengi na huisha. Yakipanda sana bila tiba huingia kwenye ubongo, na huleta mtindio wa viungo kuchezacheza, mara nyingi pamoja na uziwi. Mtazame mchana, karibu na mlango penye mwanga: bonyeza ngozi ya pua au kifua kwa kidole uone rangi inayobaki, kisha macho, kisha viganja na nyayo. Manjano ya siku ya kwanza ya maisha, au yaliyofika kwenye nyayo, au yanayoambatana na usingizi mzito na kukataa ziwa, ni dharura. Kumwanika juani hakutoshi. Anahitaji taa maalumu ya hospitali.

Hapa niongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Katika maeneo ya malaria kama yetu kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na hao manjano huwapanda kwa kasi. Vile vidonge vyeupe vya naftalini vinavyowekwa kabatini kufukuza mende na nondo huweza kuwaharibia damu. Usimvalishe wala kumfunika mtoto mchanga nguo zilizokaa na vidonge hivyo.

Anapata degedege. Ni mtindio?

Inaweza kuwa malaria, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka, kifafa. Chochote kiwe, ni hospitali, si kufukizwa moshi. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, angalia saa. Likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, ni dharura.

Kuna namna moja watu hawaiiti degedege. Mtoto wa miezi 4 hadi 8 hivi, mara nyingi anapoamka, anainamisha kichwa ghafla na kutupa mikono mbele kama anayesalimia, anaacha, baada ya sekunde chache anarudia, mara 10, mara 20 mfululizo. Wengine hudhani ni tumbo. Chukua video kwa simu umwonyeshe daktari siku hiyo. Kifafa cha namna hii kisipotibiwa mapema humrudisha mtoto nyuma sana.

Jirani anasema tumkate kimeo, ndicho kinachomzuia kunyonya.

Usimkate. Wala usimng'oe yale yanayoitwa meno ya plastiki. Mtoto anayeshindwa kumeza kwa sababu ya ubongo hatameza vizuri kwa kukatwa kinywani. Atapoteza damu na atapata maambukizi.

Nimelogwa? Nilikosea nini nikiwa mjamzito?

Nimeulizwa hili na mama aliyekuwa ananong'ona ili mumewe asisikie. Hukukosea. Si kazi nzito ya kuanika dagaa, si ugomvi wa ukoo, si mizimu, si jicho la mtu. Vyanzo vinavyojulikana ni kama nilivyotaja: hewa kukosekana wakati wa uchungu uliochukua muda mrefu, kuzaliwa njiti, manjano makali, maambukizi kwa mama au kwa mtoto, malaria kali, na mara nyingine damu kuganda au kuvuja kwenye ubongo. Mara nyingi hata madaktari hawapati chanzo kimoja cha kukuonyesha. Kina baba nao wanasoma hapa: mtoto huyu hakuletwa na mama peke yake, na kumwacha mama na mgonjwa mgongoni hakuondoi tatizo.

Niende wapi hapa Mwanza, na watamfanya nini?

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na uombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha Sekou Toure, ambayo ni ya rufaa ya mkoa, au Bugando, ya kanda nzima. Ulizia siku za kliniki ya watoto na mahali pa mazoezi ya viungo kabla hujapoteza nauli. Wenzetu wa Sengerema wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Wa visiwani bado wanapanga safari kwa ratiba ya meli, nao wajitahidi kufika usiku wa kuamkia miadi. Sera ya taifa inawapa watoto chini ya miaka 5 matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo kadi ya kliniki isibaki nyumbani.

Usiogope kwamba bila picha ya ubongo hakuna jibu. Upo uchunguzi wa neva unaofanywa kwa mikono na macho tu, wenye vipengele 26 na alama zinazofika 78, kwa watoto wa miezi 2 hadi 24. Picha ya MRI husaidia, lakini mazoezi hayapaswi kuisubiri. Omba pia masikio na macho yapimwe.

Kitu kimoja fanya kabla hujaondoka nyumbani. Kama mtoto ana miezi 3 hadi 5, mlaze chali kwenye godoro, nguo kidogo, akiwa macho na ametulia, bila kumchezesha, umrekodi kwa simu dakika 3. Umri huo mtoto mzima huwa na miondoko midogomidogo isiyokoma ya shingo, viganja na vifundo. Mwenye utaalamu akiitazama video hiyo hujifunza mengi, na mtoto aliyelala fofofo siku ya kliniki hatakuharibia safari.

Kuna dawa ya kuponya?

Hakuna, iwe ya hospitali, ya mitishamba au ya maombi yanayolipiwa. Kuna dawa za kifafa, dawa za kulegeza misuli, mazoezi, vifaa vya kumkalisha na kumsimamisha. Anayekuahidi kumponya kwa laki kadhaa, fedha hizo nunulia nauli za kliniki.

Nifanye nini leo, wakati nasubiri miadi?

Mlishe akiwa wima, kichwa kikiinama mbele kidogo. Usimlishe amelala chali, usimbane pua ili ameze. Chakula kinachoingia kwenye mapafu ndicho kinachowapa watoto hawa nimonia ya mara kwa mara. Uji mzito kiasi, wenye unga wa dagaa ndani yake, kwa kijiko kidogo, hupita salama kuliko uji mwepesi wa kikombe.

Mbebe mgongoni au kiunoni, miguu ikiwa imepanuka pande zako mbili. Kwa anayekakamaa, mbeleko yetu yenyewe ni zoezi. Usimnyooshe kwa nguvu, wala usimruhusu mtu amkande kwa kumvuta. Mlaze kifudifudi kwa dakika chache akiwa macho na wewe ukiwa hapo. Wangu alijifunza kukaa kwenye beseni la plastiki, kanga imekunjwa mgongoni na nyingine katikati ya mapaja. Zungumza naye ukiwa upande ule asioupenda kugeukia.

Na akili yake? Atatembea?

Takriban nusu ya wenye mtindio hawana tatizo la akili, kwa hiyo usimzungumzie mtoto kana kwamba hasikii. Kuhusu kutembea, kipimo tulichopewa sisi ni kukaa: anayekaa mwenyewe kabla ya kufika miaka 2 ana nafasi kubwa ya kuja kutembea, kwa msaada au bila msaada. Wangu alikaa akiwa na mwaka mmoja na miezi 10. Sasa ana miaka 7 na fimbo zake mbili. Jumamosi hutaka tushuke mwaloni Kirumba akatazame mitumbwi inavyoshusha, na mteremko mzima hataki nimshike.